Mechi Niliyoihamishia Jumanne

Nosy Be, Bukini

Mdogo wangu Zuhura,

Nakusalimu kwa salamu yetu ya Kiislamu, na naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama, maana magoti yako nayajua. Presha inaendeleaje? Bado wanakukataza chumvi? Mimi nipo, lakini nipo kidogo. Miguu imevimba, pumzi inakatika nikifika mlangoni, na kalamu hii naiweka chini kila baada ya mistari michache. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu zetu zinasikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako, kisha uamue mwenyewe wa kumwambia.

Ni habari ya mdogo wetu Abdu.

Nilikuandikia zamani kwamba alipotea katika zile fujo za Mahajanga, siku Wangazija tulipowindwa nyumba kwa nyumba, na kwamba haikujulikana alianguka mikononi mwa nani. Nilikudanganya. Nilijua siku ile ile. Tulikuwa tukikaa mtaa wa Mahabibo, ua mmoja na Mbuki, mwenyeji wa nchi hii, aitwaye Velonjara. Abdu alimshonea nguo zake zote, na sahani zilikuwa zikivuka ua kila siku, za kwetu kwenda kwake na za kwake kuja kwetu. Watu walipokuja na mapanga, Abdu alikimbilia jikoni kwa Velonjara. Mimi nilijibanza nyuma ya mabati ya uzio, hatua ishirini, basi. Nikamsikia Velonjara akiwaambia mlangoni pake, bila hata kupandisha sauti, "Sitaki damu ndani ya nyumba yangu. Mtoeni nje."

Wakamtoa nje.

Sikutoka, Zuhura. Nilikaa nyuma ya mabati mpaka kukawa kimya. Kisha nikakimbilia huku Nosy Be kwa wakwe zangu, nikasomesha hesabu miaka yote uliyonijua kuwa mwalimu. Nilipopata ujasiri wa kupita tena Mahabibo, cherehani ya Abdu ilikuwa dirishani kwa Velonjara, mkewe anashonea mapazia. Aliniona nikiitazama. Akasema, "Karibu, jirani," akaendelea kukanyaga.

Miaka kumi na kitu ikapita. Bukini ikapewa kuandaa mashindano ya mpira ya vijana wa visiwa. Kundi letu lilikuwa na timu nne, mechi zikagawanywa baina ya uwanja wa Mahajanga na wa hapa Nosy Be. Kwa kuwa nilijua kuandika Kifaransa na kusikilizana na kila mtu, nikafanywa katibu wa kamati ya kundi. Karatasi ya wachezaji wetu ilipofika mezani kwangu nikasoma: nahodha na beki wa kati, Edmond, mtoto wa Velonjara, Mahabibo.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu nyumba ile. Jumanne kwao ni mwiko. Hawatwangi, hawafui, hawashiki jembe, hawaanzi safari, hawaingii katika shindano la aina yoyote. Tulipokuwa majirani Abdu aliwatania sana. "Leo Jumanne, mzee, nzi akikutua puani utamfukuza au utangoja kesho?" Velonjara hakucheka hata mara moja. Mwiko ule waliachiwa na wafu wao, na anayeuvunja kwa kujua hufungiwa kaburi la ukoo. Kwa Mbuki hakuna adhabu zaidi ya hiyo. Kufa si kitu. Kuzikwa mbali na watu wako ndiko kufa.

Timu yetu ilishinda mechi ya kwanza mbili kwa moja. Ya pili ilitoka sare, bila bila. Mechi ya tatu tulihitaji sare tu tuvuke makundi. Kwenye ratiba, mechi ya mwisho ya Nosy Be ilikuwa Jumanne, na ya kwetu Mahajanga ilikuwa Jumatano. Nikasimama kwenye kikao. Nikasema si haki timu moja kuingia uwanjani ikijua matokeo ya wenzake, itacheza kwa kupiga hesabu. Mechi mbili za mwisho za kundi zichezwe siku moja, saa moja. Jumatano wageni wa upande wa pili wana ndege. Basi zote mbili ziwe Jumanne.

Yalikuwa maneno ya haki kabisa. Mwenyekiti alinishika mkono. "Mwalimu, wewe ndiye mtu mnyoofu tuliyebaki naye." Wakapiga kura, wakapitisha wote. Usiku ule nililala vizuri, jambo ambalo halikuwa limenitokea kwa miaka.

Jumanne nilikuwa langoni pa uwanja wa Mahajanga, beji ya kamati kifuani. Kocha alikuwa mtu wa nyanda za juu, mambo ya pwani hayajui, alikuwa amemwambia Edmond asiyecheza leo asivae tena jezi ya taifa. Velonjara akaja na ndugu zake wawili. Alimwita mwanawe mbele ya timu nzima.

"Edmond. Leo siku gani?"

"Jumanne, baba."

"Basi njoo nyumbani."

"Baba, nchi nzima inatungoja."

"Nchi haina kaburi. Ukiingia humo, letu huingii."

Yule kijana alitazama viatu vyake, akasaini karatasi niliyomshikia, akaingia. Mimi nilinunua soda ya baridi nikainywa taratibu nikiutazama uso wa Velonjara. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Dakika kumi kabla ya mwisho, bado bila bila, wageni walipiga kona. Mpira ukampita kipa, ukamgonga Edmond gotini, ukaingia golini kwetu. Moja bila. Matokeo ya Nosy Be nayo yakatumaliza, tukatolewa. Watu hawakusema ni bahati mbaya. Walisema ni Jumanne. Velonjara hakungoja hata filimbi. Aliondoka, na tangu siku ile hajamwita yule mtoto kwa jina lake. Walimchapa maneno mjini mpaka akahama. Akahamia wapi? Huku. Ana mashua, huwapeleka wapiga mbizi wa Kizungu kisiwa cha Nosy Sakatia.

Miaka hii yote, Zuhura, nimemwona kila wiki. Kila Ijumaa huniletea samaki, ingawa yeye si wa dini yetu. Huniita dadilahy, yaani babu. Hupaa samaki mwenyewe, hula na mimi, huosha sahani. Nilimpokea kwanza kwa furaha mbaya: mtoto wa Velonjara jikoni kwangu, hana kwao. Nilikuwa nikimtazama akila na kuhesabu moyoni, mmoja kwa mmoja. Baadaye ikawa vigumu kuhesabu.

Mwezi uliopita alikaa kitako, akauliza, "Dadilahy, nyinyi Waislamu mnazika mgeni?"

"Kwanza asilimu."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe unaacha."

"Ah. Basi ningoje sikukuu za mwisho wa mwaka zipite."

Tukacheka. Kisha akasema, "Si utani. Nina miaka hamsini na kitu, kifua kinanibana nikivuta nanga. Sina pa kulazwa." Akaongeza, "Ndugu yako nilimpa maji siku ile, jikoni kwetu. Nilikuwa mdogo. Aliyanywa yote, akanirudishia kikombe na kusema ahsante."

Sikuwa najua. Katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja aliyemtendea Abdu wema, na huyo ndiye niliyempiga.

Nikamwambia yote. Kikao, ratiba, ndege ya wageni, soda. Alisikiliza mikono yake imejaa magamba ya samaki.

"Kwa hiyo lile goli halikuwa langu."

"Goli lilikuwa lako. Siku ndiyo ilikuwa yangu."

Akaosha sahani kama kawaida, akaenda bila kuaga. Ijumaa iliyofuata hakuja. Ijumaa ya pili alikuja mikono mitupu, akabaki mlangoni. "Mwandikie baba. Andika kama ulivyoniambia, utie saini."

Nikaandika, na hapa ndipo nataka unielewe. Wabuki wana njia ya kumrudisha aliyefungiwa kaburi, ikiwa kosa lilipangwa na mtu mwingine. Wazee wa ukoo hukusanyika makaburini, huchinja ng'ombe, na baba huwaeleza wafu wake kisa kizima kwa sauti, tangu chanzo. Akiacha kitu, haifai. Velonjara akitaka mwanawe arudi, itambidi awaambie wafu wake, wazee wote wakisikia, kwa nini mwalimu wa Kingazija alihamisha mechi. Itambidi alitaje jina la Abdu na aseme alichosema mlangoni. Nilimwandikia hivyo hivyo: mwanao nakurudishia, lakini utamlipia kwa mdomo wako. Simsamehe. Nilitaka achague akiwa hai.

Nimeiacha barua hii siku tisa. Edmond alirudi kutoka Mahajanga jana.

Anasema baba yake, ambaye sasa haoni na analelewa na binti yake huko Amborovy, alisomewa karatasi yangu mara mbili. Kwa siku tatu hakutaka chakula. Siku ya nne akasema mleteni ng'ombe. Makaburini aliposhikwa mkono asimame, alianza vizuri, akasimulia mpira, akasimulia habari zangu. Alipofika kwenye ule mlango akanyamaza. Mjomba mmoja akasema inatosha, mzee amechoka. Edmond akakataa. "Hapana. Amalize." Basi akamaliza. Alilitaja jina la Abdu na la baba yetu, akasema, "Alikuwa jikoni kwangu, nami nikawaambia mtoeni." Kisha akalia mbele ya wajukuu wake, na hakuna aliyemsogelea mpaka ng'ombe alipoanguka.

Edmond sasa ana mahali pake katika kaburi la ukoo. Mimi hakunisamehe, aliniambia waziwazi, na samaki hakuleta.

Pengine unangoja niseme kwamba machozi ya yule mzee yalinilainisha. Hapana, mdogo wangu. Nilimwambia Edmond anisimulie tena pale alipolia, naye akanisimulia, na nikafurahi. Ninaotubia kwa Mungu kwa kuwakosea ni Edmond, kwa ile Jumanne, na Abdu, kwa zile hatua ishirini. Nawe unisamehe kwa kukuficha.

Nisalimie binti yako na mumewe, na wajukuu ambao sikupata kuwaona. Nisalimie na yule jirani anayekusomea barua miwani yako inapopotea. Ikiwa ndiye anayeisoma hii, basi mwambie ashike adabu, anyamaze. Msomeeni Abdu hitima, na safari hii mumtaje kuwa aliuawa, msiseme alipotea.

Ni mimi kaka yako niliyebaki,

Athumani