Teke la Tatu la Shangazi

Kwa Lukeba Éphraïm, fundi wa injini, Rumonge

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile tuliposikia mateke mawili badala ya matatu.

Kila siku, saa kumi na mbili na nusu, ulitoka nyuma ya nyumba na kikombe cha chai, ukakiweka juu ya ukuta mfupi wa matofali, ukakanyaga kiki ya pikipiki yako kuukuu mara tatu. Haikuwaka. Haikuweza kuwaka, kwa sababu vipande vyake vilikuwa vimefichwa kwa watu. Ilitoa pumzi tu: fuu, fuu, fuu. "Namukumbusha," ulituambia. "Chuma kikikaa bila kupumua kinashikana." Jirani yetu Mama Chausiku aliinjika maharage kwa teke la kwanza, na kwa la tatu aliwavuta watoto wake miguu waamke.

Asubuhi ile tulisikia fuu ya kwanza, tukasikia ya pili. Mama akasubiri, kijiko mkononi. Binti yako Rachelle alikuwa akifunga viatu aende kufundisha, akabaki ameshika kamba. Mama Chausiku akaita kutoka ng'ambo ya ua, "Fundi, leo umesahau kuhesabu?"

Ulikuwa umekaa chini, umeegemea gurudumu la mbele, mkono wako ukiwa juu ya tangi. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Daktari alisema ni moyo.

Ulikuwa mtu wa mikono, Baba. Injini za mitumbwi ya Magara, mashine za kukamulia mawese za Kizuka, jenereta ya parokia, zote zilijua vidole vyako. Ulifanya kazi na skrubu nne midomoni na bado ukataka kuongea, nasi hatukujua umesema nini mpaka ulipoitoa ya mwisho. Jioni uliosha mikono kwa majivu na ndimu, ukainusa, ukaosha tena, ndipo ukambeba mtoto wa mtu.

Aziza anayeuza nyanya sokoni hawezi kukusahau. Ulimbeba kwenye pikipiki hiyo siku ya uchungu wake, ukaendesha kwa uangalifu mno hata mumewe, aliyekuja kwa miguu, akawapita njiani. Mpaka leo anasema, "Uchungu niliuvumilia. Kilichonitesa ni mwendo wa fundi."

Pikipiki yenyewe ulipewa na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao Ubelgiji. Alikupa ikiwa ndani ya magunia mawili. Uliiunganisha kwa miezi minane ukaiita Shangazi, kwa sababu, ulisema, akinuna hasemi sababu.

Kitabu chake kilikuwa cha Kifaransa, nawe Kifaransa chako kilikuwa cha kuomba msamaha kwa polisi tu. Kwa hiyo ulimkalisha Rachelle juu ya debe, akiwa na miaka tisa, akusomee. Alisoma kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeungama. Ulisimamisha nyundo, ukainamisha sikio. "Rudia, mama. Hapo pa cheche, rudia." Akarudia. Hivyo ndivyo alivyoijua injini kwa maneno kabla ya kuigusa, na hivyo ndivyo alivyokupenda pia, bila kugusa na bila kelele. Sasa ni mwalimu, na wanafunzi wa mstari wa nyuma bado wanainua mikono: "Mwalimu, hatukusikii."

Furaha yako kubwa ilikuwa mkutano wa pikipiki za zamani. Ulikuwa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Mlichagua Jumamosi kwa sababu Ijumaa ilikuwa ya Swedi na Jumapili ilikuwa ya Modeste, nanyi hamkutaka Mungu aingizwe katika mambo ya pikipiki. Swedi alikuja kutoka Magara, mchuuzi wa samaki mwenye masikio yaliyoharibiwa na injini. Modeste alishuka kutoka Kizuka, harufu ya mawese ikimtangulia. Wengine walitoka Kabezi, wengine Nyanza-Lac. Mwaka mmoja mlifika pikipiki kumi na tisa, mkapita barabara ya ziwa kwa mstari, na Rachelle alikaa mbele yako juu ya tangi, macho ameyafumba kwa raha.

Mlikuwa na sheria yenu. Hakuna aliyewasha pikipiki yake mwenyewe mbele ya wenzake. Mliamini kwamba mwenyewe anaijua mno, anaweza kuibembeleza, na kwamba mguu wa mgeni ndio unaopima kazi ya fundi. Mwenye pikipiki alisimama kando, mikono nyuma, na mwenzake akakanyaga. Mateke mawili yalikuwa ya bure. La tatu halikutolewa mpaka mwenye pikipiki aseme kwa sauti, wote wasikie: "Iko yangu. Mupe la tatu." Hapo alikuwa amejifunga. Likishindwa, anawapikia wote, na anachekwa mpaka Juni nyingine.

Kisha vita vikatufikia. Kila aliyeshika bunduki, wa upande wowote, alipenda kitu kinachokwenda. Modeste alipokonywa pikipiki yake aina ya Jawa mchana, mbele ya mkewe. Ndipo ulipowaita wenzako ukawaambia, "Tuzivunje sisi wenyewe. Pikipiki isiyo na kifaa cha cheche ni kitanda cha kuku tu." Mkagawana vipande. Kabureta ya Shangazi ilienda Kizuka, ndani ya pipa la mawese lililopasuka. Kifaa chake cha cheche kilienda Magara, ndani ya kopo la maziwa. Wewe ulitunza vya kwao, na kwa miaka sita Mama alifagia kuzunguka chuma cha Swedi chini ya kitanda chenu.

Mkutano haukufa. Kila Juni mlileta vipande, mkaunganisha pikipiki moja tu, Shangazi, kwa sababu petroli haikutosha zaidi. Mlimwasha, mkasimama mkimsikiliza mpaka glasi moja ya petroli iishe, mkamvunja tena, kila mtu akaondoka na kipande cha kutunza. Swedi alipitisha kile kifaa kwenye bariyeri ya ukaguzi barabarani kikiwa chini ya samaki wake wadogo, ndagala. Safari moja askari alikigonga kwa fimbo.

"Muzee, hii nini?"

"Mashine ya kusaga pilipili, afande. Bibi yangu ni mukali, anataka pilipili kila siku."

"Pole sana," alisema askari, akamruhusu.

Sasa tunafika mahali ambapo Rachelle wako hujikwaa kila anapokukumbuka.

Mwezi mmoja kabla hujatuacha, mlikuwa mnakula mchana, wewe, Mama na yeye. Ulichagua ndagala mkubwa ukamwekea sahani yake, kama kawaida. Ukauliza, bila kumtazama, "Mimi nikiondoka, Shangazi atakuwa wa nani?"

Neno alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu siku za lile debe. Lakini alifikiria wanaume wote wale uani, yeye amesimama kando na mikono nyuma, sauti yake haifiki hata mlangoni. Akatazama samaki.

"Heri anaweza," akasema, akimtaja kaka yake aliyeko Kigoma.

"Heri!" Ulicheka mpaka ukakohoa. "Heri anakimbia hata jenereta ya parokia." Mama naye akacheka. Kisha ukafuta sahani kwa ugali, ukasema polepole, "Haya. Nilitaka kujua tu."

Jumamosi ya mkutano, yeye akiwa anapita na sahani, alikusikia ukiwaambia wenzako, "Mwaka ambao nitakosekana, mumuwashe mara moja, halafu kila mutu abaki na kipande chake kabisa. Nyumbani hapa hakuna anayemutaka." Modeste akasema, "Usiongee hivyo, fundi." Rachelle akasimama na sahani mpaka samaki wakapoa. Alijiambia atakueleza Jumapili. Kisha Jumatatu. Siku ya tisa baada ya mkutano ndiyo ile ya mateke mawili.

Baba, tangu siku hiyo kuna mtu ametoka nyuma ya nyumba kila asubuhi kabla jua halijapanda. Mama aliisikia ile fuu akadhani ni huzuni inamchezea. Akachungulia. Alikuwa Rachelle, peku, amevaa koti lako la kazi. Alikanyaga mara mbili, akaondoa mguu. Hakuweza kukanyaga la tatu. Mama alirudi kwenye chai yake.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu wenzako walikuja, sita tu. Waliweka vipande juu ya mkeka kama watu wanaolaza mtoto. Modeste alimsalimia Mama, "Amahoro, Mama Heri," kisha akageuka kukagua tairi ambalo halikuwa na shida.

Walimuunganisha Shangazi mpaka saa saba. Penye kurekebisha wakati wa cheche wakaanza kubishana. Swedi alitaka hivi, Modeste vile, kila mmoja akiapa kwa jina lako.

"Kitabu kinasema milimita kumi na moja kabla pistoni haijafika juu," alisema Rachelle. Hakuna aliyesikia. Akachukua bisibisi kutoka mkononi mwa Swedi, akapiga magoti, akapima kwa kijiti ndani ya silinda, akakaza.

Swedi akamtazama. "Kumbe! Huyu mutoto alikuwa anajua, na alinyamaza miaka yote hii?"

"Alitusomea sisi wote, ni weye ulikuwa husikii," Modeste akamjibu.

Swedi akapandisha kanzu, akakanyaga. Fuu. Akapumzika, akakanyaga tena. Fuu.

Sote tukasubiri kama asubuhi ile. Mama alikuwa mlangoni, na hata kijiko alikuwa nacho. Ng'ambo ya ua Mama Chausiku akaita, "La tatu liko wapi?"

"La tatu haliombwi na jirani, mama," alisema Modeste. "Linaombwa na mwenyewe."

"Basi iko ya nani?" Swedi akauliza.

Mama akaleta barua ya Heri kutoka Kigoma, wakaisoma. Aliwasalimu wote, akaandika: "Shangazi wa Baba nampenda nikiwa mbali. Tafadhali msinipe kitu chochote kinachopigwa teke." Walicheka, wakafuta macho, wakatazama chini. Mmoja akasema, "Tuseme iko ya marehemu." Modeste akatikisa kichwa. "Marehemu hawezi kusimama kando. Fundi alisema mwenyewe, nyumbani hakuna anayemutaka." Akachukua spana ili aanze kumvunja Shangazi, akaitia kwenye nati ya kabureta, akaigeuza mara moja.

Rachelle aliusikia mlio wa ile nati. Akatoka pale alipokuwa, akasimama kando ya Shangazi, akaweka mikono nyuma.

"Iko yangu," akasema.

"Nini?" Swedi aliinamisha sikio, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. "Sema na nguvu, mwanangu. Sheria ni sheria."

Alivuta pumzi. Tuliona mabega yake yakipanda.

"Iko yangu! Mupe la tatu!"

Kuku wa Mama Chausiku waliruka. Modeste akarudisha nati haraka haraka, Swedi akapanda, akasema bismillahi, akashuka na uzito wake wote.

Shangazi alikohoa, Baba. Alikohoa mara ya pili, akatema moshi wa bluu, akashika. Ule mlio wako, mzito, wa polepole, ulijaa ua wote. Wazee walikumbatiana. Mama alikaa kizingitini akajifunika uso kwa kitenge.

Rachelle hakulia. Aliinama karibu na tangi, pale ulipokuwa umeweka mkono wako, akaongea nawe. Ilimbidi apaze sauti kumshinda Shangazi, kwa hiyo wote tulisikia, hata waliokuwa wakipita barabarani:

"Baba! Siku ile uliponiuliza, nilisema Heri! Nilitaka kusema mimi! Tangu zamani nilitaka kusema mimi!"

Wanaokukumbuka: mkeo Cibalonza, mwanao Heri aliyeko Kigoma, dada yako Mwamini aliyeko Uvira, rafiki zako Swedi na Modeste, ambao bado wanatunza vipande, kwa muda tu, wala si kabisa, na Rachelle, mwenye Shangazi.

Kila asubuhi, kwa mateke matatu kamili, tunakukumbuka.