Dawa Iliyokoma Kuwa Chungu

Mbotela, Nairobi
5 Februari 1984

Kwa mwaitu, mama yangu Koki,

Mwaitu, hujambo? Mimi ni mzima, isipokuwa hili goti na baridi ya saa kumi alfajiri tukipakia mkate kwa gari. Huko mvua imewaonea huruma? Mke wangu Asenath anakutunza vizuri?

Mwaitu, nimesikia madaktari wa macho watafika hapo misheni tarehe 26 Machi, kutoa mtoto wa jicho. Nakuomba uende. La kulia tulishalipoteza, na sasa la kushoto nalo linafunga. Daktari wa huku aliniambia yale yaliyokupata Agosti baada ya kupasuliwa ni ya nadra sana, mtu mmoja kati ya mamia. Hayawezi kukupata mara mbili, nafikiri. Tafadhali, Mwaitu.

Msalimie Asenath.

Mwanao,
Matheka

*

Wamunyu
17 Februari 1984

Matheka mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, nimewashika, naambiwa mmoja ana doa kwa paji. Hilo goti lipake mafuta ya kondoo.

Kwa hao madaktari siendi. Si kisu naogopa. Kisu hakikunidhuru. Nilitoka hospitali nikaona saa yako ya ukutani, nikakuambia mshale mrefu uko wapi, unakumbuka? Jicho liliharibikia kwako nyumbani. Ile dawa ya matone ilikuwa ikinishukia kooni chungu kama mwarobaini. Jumapili ile jioni Asenath akanitia, nikangoja ule uchungu, haukuja. Jumatatu haukuja. Jumanne jicho likawa moto, likatoa usaha.

Sasa nikipasuliwa hili lingine, nani atanitia matone? Ni mkono ule ule. Kaka yangu Kimeu alisema aliyelizima jicho ndiye awe jicho, ukamleta Asenath hapa anitunze. Ananishika mkono mpaka kisimani, sikatai. Lakini matone, hapana.

Nimemwambia huyu anayeniandikia aandike yote bila kupunguza. Nimemuuliza, umeandika? Anasema ameandika.

Mama yako,
Koki

(Nimeandika. Asenath.)

*

Mbotela
26 Februari 1984

Mwaitu,

Hujambo? Mimi sijui kama ni mzima. Asenath, wewe ndiye unasoma hii. Soma polepole, usiruke kitu, hata pale panapokuhusu.

Jumapili ile Asenath alikuwa kanisani, na wewe Mwaitu umelala chumbani. Jirani yangu Njogu alikuja tusikilize mpira kwa redio. Timu yetu ikafunga, nikaruka, hili goti likagonga meza, chupa ya dawa yako ikaanguka. Ilikuwa wazi, maana kifuniko nilikuwa nimekitoa mimi mwenyewe kuangalia imebaki ngapi. Njogu akacheka, "Aa bwana, umefunga bao la kujifunga!" Dawa ilimwagika, ikabaki kidogo tu chini kabisa.

Duka la dawa lilikuwa limefungwa. Na Asenath alikuwa ameniambia mara mbili niondoe chupa hapo mezani. Sikutaka anipate na makosa. Ni hiyo tu, Mwaitu, hakuna sababu nyingine kubwa. Nikachota maji kwenye debe, nikajaza na kijiko mpaka pale dawa ilipokuwa. Nikajiambia dawa yenyewe inakaa kama maji. Asenath akarudi, akanawa mikono, akakutia kama kawaida.

Daktari aliponiuliza kama kuna kitu kiliingia jichoni, nilisema hakuna. Halafu akasema Mama Batulo, yule wa kitanda kilichopakana na chako, naye alipata mdudu huyo huyo wa usaha jichoni, na yeye hakuwahi kukanyaga kwangu. Nikashika neno hilo kama kamba. Mpaka leo sijui. Nikiamka naona ni mimi. Mchana nikiendesha gari naona labda si mimi, ni huko huko wodini. Jioni ni mimi tena. Lakini ule uchungu ulioukosa kooni, najua ulikwenda wapi. Ulimwagika mezani kwangu.

Na mjomba aliposema yale maneno yake, nilikuwa nimeketi hapo na kikombe cha chai mkononi. Nikainywa yote.

Mkono wa Asenath ni safi, Mwaitu. Kubali akutie matone. Asenath, nisamehe.

Mwanao,
Matheka

*

Wamunyu
10 Machi 1984

Matheka mwanangu,

Salamu. Wale mapacha wananyonya vizuri.

Barua yako imefika lakini sijui umeandika nini. Asenath amenisomea ati wewe ndiye ulimwaga dawa ukajaza maji ya debe. Nimecheka. Nikamwambia, soma ile imeandikwa, usisome ile unataka. Akaanza upya, yale yale. Nikampelekea katekista, naye akasoma hivyo hivyo. Lakini huyo hunywa chai hapa kila Jumapili, na chai anapika nani?

Mimi nakujua. Mtoto wangu angeniambia siku ile ile. Angemwacha mke wake abebe mzigo usio wake miezi saba? Huyo si wewe.

Niandikie tena kwa kifupi, uliniambia nini.

Mama yako,
Koki

(Amesomewa mara tatu. Ya nne sisomi. Asenath.)

*

Mbotela
15 Machi 1984

Asenath,

Hujambo? Hii ni yako, usimsomee.

Sikufikiria hilo. Nilidhani nikishaandika nimemaliza, kumbe nilikutuma wewe tena ukanisemee.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi tarehe 24 niko hapo. Macho hana, lakini sauti yangu anaijua, hawezi kusema umeitunga. Nataka uwe umeketi karibu nikimwambia, na mjomba Kimeu umwite. Akinifukuza, nitalala kwa katekista. Jumatatu wewe ndiye umpeleke misheni, na chupa uishike wewe.

Mwambie tu kuna mgeni. Usimwambie ni nani, asije akanichinjia yule mbuzi.

Hapa chini nilitaka kuandika mumeo. Nimepaacha wazi, utanijazia wewe.

Matheka