Sumaku, Gervas na Ndoo ya Mama Zuhura

Jumanne, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na milima yote imemezwa na ukungu. Mgeni akishuka stendi ya Msamvu leo atadhani Morogoro ni mji wa tambarare. Nina kinyaa. Sina neno jingine. Nimekula nusu sahani nikaiacha, mke wangu akauliza kama naumwa, nikamwambia siumwi.

Mnaonisoma hapa siku zote mnaijua kazi yangu: mimi ni mtunza vifaa wa timu ya mpira. Timu yenyewe siitaji. Jezi, soksi, mipira, koni, chupa za maji, vyote hupita mikononi mwangu, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Wachezaji wananiita Anko.

Pale tunapokunywa kahawa watu wamekuwa wakibishana juu ya mshambuliaji wetu, kijana tunayemwita Sumaku kwa jinsi mpira unavyomganda mguuni. Wanaulizana kama ndiye mchezaji mwenye ushawishi kuliko wote waliowahi kupita kwetu. Mimi nilikuwa upande wa wanaosema ndiye. Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa.

Jumamosi tulishinda mabao matatu, mawili yake. La pili aliwapita mabeki wawili na kipa, akasimama na mpira kwenye mstari wa goli, akausukuma ndani kwa kisigino. Nimeona mpira mwingi maishani. Lile lilikuwa bao zuri na sitalichafua kwa sababu ya mtu aliyelifunga.

Baada ya mechi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, vijana walikuwa wanavua jezi na kuzitupa popote, kwenye tope, juu ya viatu. Karibu na mlango kulikuwa na ndoo ya maji safi. Maji hayo aliyabeba Mama Zuhura, mama anayetufulia, kutoka bomba la mbali, kwa sababu la uwanjani halitoi. Anakaribia miaka sitini. Huwa anasuuza tope palepale kabla halijakauka. Sumaku akaisogelea ile ndoo, akawageukia wenzake akitabasamu, akakojoa ndani.

Chumba kizima kikacheka.

Nami nilicheka.

Nimejaribu kujitafutia sababu tangu Jumamosi na sijaipata. Hata haikuchekesha. Nilimwona mtu aliyetoka kufunga mabao mawili, nikawaona wengine wote wanacheka, mdomo wangu ukafunguka. Nilipogeuka, Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake. Hakumwangalia Sumaku. Aliniangalia mimi. Akaliweka beseni chini taratibu, akachukua kanga yake kwenye msumari, akaondoka.

Nilikwenda kuimwaga ile ndoo mwenyewe. Wakati naimwaga bado nilikuwa nawasikia wakicheka.

Jumapili niliamka na jina moja kichwani: Gervas.

Gervas alikuwa beki wetu wa kati kwa misimu sita. Hakuwa mchezaji mkubwa. Hakuna mtu aliyewahi kulipa kiingilio ili amwone Gervas. Alikuwa mzito kugeuka, pasi zake fupi, na goti ndilo lililomwondoa mwisho wa msimu uliopita, akarudi kwao Mkuyuni, milimani, kulima. Lakini kila baada ya mechi alikuwa anakaa kwenye benchi, anaigeuza jezi yake iliyovuliwa ndani nje, anazikunjua soksi zilizojiviringisha kama madonge ya udongo, anakwenda kuzikung'uta nje, halafu anaviweka vyote kwenye beseni. Hakumwambia mtu afanye hivyo. Msimu wa kwanza alifanya peke yake. Msimu wa pili nikaona wawili watatu. Baadaye ikawa timu nzima, hata wachezaji wapya wakija kutoka mikoani walidhani ni sheria ya klabu.

Na mimi nilijisifu kwa viongozi kwamba nimewafundisha vijana nidhamu.

Gervas alipoondoka, ilichukua kama miezi miwili tu. Wa kwanza kutupa jezi chini alikuwa Sumaku. Nilimwona. Niliiokota nikanyamaza.

Basi Jumapili nikaazima pikipiki ya shemeji, nikaenda Mkuyuni. Nilimkuta Gervas nyuma ya nyumba ya mama yake, ametoka misa ya kwanza, bado amevaa shati la kanisani, anapanga mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni. Akanipa shikamoo, akaniletea kigoda. Nikamweleza yote, na la kucheka kwangu nikaliweka mwishoni, kwa sauti ndogo. Nadhani nilikwenda nikitaka anihurumie, au aseme atashuka mjini kuzungumza na wenzake. Nikamwambia kwamba mwenye ushawishi wa kweli kwenye ile timu alikuwa yeye.

Alinisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mtu mwingine. Akasema hakujua kama kuna aliyekuwa anamfuatisha. Yeye alikuwa anakunjua soksi kwa sababu mama yake alifua nguo za watu misheni miaka mingi, na yeye ndiye aliyekuwa anamsaidia, kwa hiyo anajua ilivyo kuingiza vidole kwenye soksi ya mtu iliyolowa jasho. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Akafunga mkungu mmoja, akauliza, "Mama Zuhura umeshamwomba radhi, Anko?"

Nilikuwa nimepanda njia yote ile ya matope kwenda kuzungumzia ushawishi, na nyumba ya Mama Zuhura iko mtaa wa tatu kutoka kwangu.

Nilikwenda jana. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Nikasema nilichokwenda kusema. Nilisema vibaya, maneno yakinipotea, nikaanza na Sumaku na utoto wake na jinsi vijana wa siku hizi walivyo, mpaka yeye mwenyewe akanikatiza.

"Yule kijana simjui, baba Neema. Wewe nakujua miaka tisa."

Aliendelea kuchambua mchele. Akanieleza kwamba amepata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni karibu na stendi, anaanza Jumatano, na kwamba uwanjani hatarudi. Hakuwa na hasira. Alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia nimsalimie mke wangu, akasema niangalie utelezi. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Sasa leo.

Kabla ya mazoezi nilimwomba kocha dakika mbili za kuzungumza na timu. Akauliza juu ya nini. Nilipomwambia, akanivuta pembeni. Alisema Jumamosi wanakuja watu wa klabu kubwa kumtazama Sumaku, kijana anahitaji utulivu wa akili, na mambo ya ndoo yasubiri. Akanishika bega. Kocha si mtu mbaya, ndiyo maana iliniuma.

Nilizungumza hata hivyo, mazoezi yalipokwisha. Tulikuwa tumejibanza chini ya paa la jukwaa, mvua inapiga bati. Nikawaambia kwamba Jumamosi mmoja wetu alikojoa kwenye maji aliyobeba mama wa miaka karibu sitini, na sisi wengine tukacheka, na mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka, na kwa hilo nimekwenda kumwomba radhi. Nikawaambia Mama Zuhura harudi. Nikasema kuanzia leo, mpaka apatikane mtu mwingine, kila mtu atafua jezi yake.

Nilitegemea aibu. Au hata ubishi.

Macho yao yote yalikwenda kwanza kwa Sumaku. Watu wazima, wengine wana watoto shuleni, wanamtazama ili wajue nyuso zao zikae vipi. Sumaku akasema, kwa upole kabisa, "Anko, ule ulikuwa utani tu." Akatabasamu. Nao wakatabasamu, mmoja baada ya mwingine, kwenye mstari.

Kisha akavua jezi ya mazoezi iliyolowa, akamrushia beki aliyekaa jirani yake. Beki huyo alicheza ubavuni mwa Gervas misimu mitatu. Alikuwa anakunjua soksi zake vizuri kuliko Gervas mwenyewe.

Akaidaka. Akaiweka kwenye begi lake.

Hapo ndipo chakula kiliponikinaisha, saa kadhaa kabla hakijapikwa.

Nimekaa hapa nalifikiria hili neno, ushawishi. Mchezaji mkubwa unamtazama tu, unapiga makofi, unarudi nyumbani. Mwenye ushawishi unajikuta unafanya kama yeye na hukumbuki ulianza lini. Kwa hiyo wale wa kwenye kahawa hawakukosea. Sumaku anao. Anao tele. Mimi mwenyewe ni ushahidi, nilicheka kabla sijajua nacheka nini. Kosa letu lilikuwa kudhani ushawishi ni sifa, kama medali, kwamba mtu akiwa nao basi ni mtu mwema.

Na Gervas? Kama kazi yake ilifutika kwa miezi miwili, ilikuwa ushawishi, au tulikuwa tunamwonea haya tu? Najua kwamba kwa misimu kadhaa mama mmoja aliingia kwenye kile chumba bila kudharauliwa. Hilo lilitokea. Na najua kwamba mtu ambaye hajagusa mpira tangu msimu uliopita ndiye aliyenipeleka barazani kwa Mama Zuhura, kwa swali moja, akiwa anafunga ndizi.

Hao watu wa klabu kubwa watakaokuja Jumamosi nawafahamu jinsi wanavyofanya kazi. Wakishaona mpira, hupita kwa sisi watu wa vifaa, wanatununulia soda, wanauliza kimyakimya, kijana yukoje chumbani? Wameshaniuliza kuhusu wachezaji wengi, na kwa kila mmoja nimejibu hivyohivyo, hana shida. Leo kocha alipokuwa ananiaga alinikumbusha, kama mzaha, nisisahau jibu langu.

Nitawaambia nilichokiona, nikianza na mimi niliyecheka. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Naiacha hapa muisome, ili Jumamosi nikishindwa kuisema mjue kwamba nilikuwa naijua.