Nilivyojibebea Begi Siku ya Mashindano

Kwapa,
kupitia Tororo.
17 Oktoba 2024

Mpendwa binamu yangu Levis,

Kabla ya mengine yote, pokea salamu za huku nyumbani. Natumaini wewe, shemeji Lorine na watoto mko wazima, na kwamba mgongo uliokusumbua mwezi wa Julai umetulia. Nasikia joto la Mombasa limeanza tena. Mnalala vizuri?

Sisi tu wazima, ila tumechoka. Mguu wa mama, shangazi yako, umepungua uvimbe. Anakwenda kanisani kwa miguu yake na kurudi, lakini akirudi hafanyi kitu kingine siku hiyo. Mwanetu Acom ameanza mitihani ya kidato cha nne na nyumba nzima tunatembea kimya kwa ajili yake. Mvua imetupa zaidi ya tulivyoomba. Mihogo ya upande wa bondeni imeanza kuoza, mke wangu Benedeta anaing'oa kabla ya wakati wake.

Ulinipigia simu nikaacha ilie. Nisamehe. Nilijua utauliza nini, na sikuwa na nguvu ya kueleza. Najua pia umeshasikia kipande kutoka kwa watu wa Malaba. Kipande cha habari huwa kibaya kuliko habari nzima, ndiyo maana nimekaa niandike. Nimesoma kwanza shajara yangu ya siku ya mashindano ili nisikuongezee wala nisikupunguzie.

Meneja wa klabu yenu ya huko Mombasa alikubali kunipa kazi ya kufundisha wanaoanza gofu, mradi nipate cheti cha ualimu. Nawe unajua kwamba huku kwetu jina moja tu la mbeba begi, sisi tunaowabebea wachezaji fimbo zao, ndilo linalotumwa kwenye majaribio ya cheti hicho kila mwaka, jina la anayeshinda mashindano yetu. Kwa hiyo kwangu huo haukuwa mchezo. Benedeta alikuwa ameshazungumza na dada yake Felistus achukue mbuzi wetu tukihama. Shangazi yako alikuwa ameanza kuuliza kama bahari ina harufu.

Mashindano yalikuwa Jumatatu, siku yetu wabeba begi ya kucheza, tarehe 30 Septemba. Nilipangwa pamoja na Okochi, yule Msamia kijana wa Lumino mwenye mabega mapana, na Bartholomew, msimamizi wetu wabeba begi, ambaye alikuja kucheza tu ili asikae ofisini.

Raundi ya kwanza ya mashimo tisa nilicheza kama mtu anayepalilia shamba lake mwenyewe. Sikuharakisha, sikujisifu. Raundi ya pili nikaendelea hivyo hivyo. Okochi alikuwa nyuma yangu kidogo, akipiga mbali lakini akiokota mpira wake vichakani.

Unajua jina wanaloniita tangu mwaka juzi, nilipoharibu kila kitu baada ya shimo la kumi na tano. Wabeba begi walikuwa wamekaa kwenye nyasi karibu na mti wa jakaranda, na tulipomaliza shimo la kumi na tano wakaanza.

"Kumi na Tano! Basi rudi nyumbani, kazi yako imeisha!"

"Mleteeni maji, mkono unatetemeka!"

"Muacheni mzee," akasema Okochi, huku anacheka. "Leo ameniambia atafika mpaka kumi na sita."

Nilicheka nao. Lakini Levis, vidole vilikuwa baridi wakati jua linachoma. Nikajiona natembea haraka kuliko wenzangu, na hiyo ndiyo dalili yangu. Mwaka juzi na mwaka jana ilianza hivyo hivyo. Miguu inakimbia, mikono inaifuata, mpira unakwenda mtoni.

Hapo nikapata wazo. Nimewabebea watu begi miaka mingi, matajiri na maskini wa gofu, na kazi yangu kubwa si kubeba. Ni kumtuliza mtu anapoona ushindi umekaribia. Namwambia atembee polepole. Namwambia apige mpira ulio mbele yake, si ule wa jioni atakapokuwa anasimulia. Namuuliza habari za watoto wake. Nikasema, kama naweza kumfanyia mgeni, kwa nini nisijifanyie mwenyewe? Nikajigawa. Nikawa mbeba begi wa mtu anayeitwa Emojong.

Nikamwambia, polepole bosi. Nikamuuliza Acom anaendeleaje na hesabu. Nikampa fimbo mkononi, nikamwonyesha upepo. Akapiga vizuri sana. Shimo la kumi na sita likapita, la kumi na saba likapita, na wale wa chini ya jakaranda wakainuka wakaanza kutufuata. Mikono ilikuwa imepata joto. Sikuwahi kucheza hivyo maishani mwangu, na aliyekuwa anacheza si mimi.

Tulifika grini ya mwisho, ile nyasi fupi yenye shimo, chini ya ule mwamba wa Tororo. Okochi akamaliza, mpira wake ukaingia. Wangu ulikuwa hatua chache kutoka shimoni. Nikiuingiza kwa mapigo mawili, nimeshinda. Mapigo mawili, binamu. Hata Acom angeweza.

Nikainama, nikaokota mpira, nikaufuta kwa kitambaa kilichokuwa begani, nikausafisha udongo vizuri, kisha nikainuka nikanyoosha mkono kumpa mwenyewe.

Hapakuwa na mtu.

Wewe umefanya kazi hii, unaelewa. Kwenye grini, mchezaji ndiye anayeweka sarafu nyuma ya mpira kutia alama, ndipo mbeba begi anauokota na kuufuta. Tumefanya hivyo maelfu ya mara. Mimi nilifanya sehemu yangu. Kuweka sarafu ni kazi ya mchezaji, na upande wa mchezaji nilikuwa sijamweka mtu. Mpira umeokotwa bila alama, adhabu yake ni pigo moja.

Okochi alikuwa ameinama anatoa mpira wake shimoni. Bartholomew alikuwa anawafokea watu wasogee nyuma. Nilisimama na ule mpira msafi mkononi. Nikawaambia.

"Nini?" Okochi akasema. "Mzee, mimi sikuona kitu. Rudisha tu, upige."

"Wewe hukuona. Mimi ndiye niliyeushika."

"Wewe unajiloga mwenyewe, eh!"

Bartholomew alitazama mpira, kisha shimo. Ni rafiki yangu, na nafikiri alikuwa anatafuta njia. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Pigo moja, ndugu yangu. Uweke hapo ulipoutoa."

Sasa nilipaswa kuuingiza kwa pigo moja kushinda, na kwa mawili tungekuwa sawa. Nikamtafuta yule mbeba begi anitulize, nikamkosa. Alikuwa ameona aibu, amekwenda zake. Nilibaki mimi peke yangu na mikono yangu. Mpira ukapita ukingoni mwa shimo, ukasimama. Pigo la pili likauingiza, tukawa sawa. Tukarudi kucheza shimo la ziada. Okochi akalipiga kama mtu aliyelala vizuri, mimi nikalipiga kama mtu aliyetoka kuchimba kaburi. Jina lake ndilo lililotumwa.

Nyumbani Benedeta alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Baba Acom, si ungenyamaza?" Nikamwambia sikuweza. Akasema, "Najua. Nilikuwa nauliza tu." Kesho yake asubuhi akaenda mwenyewe kwa Felistus kumwambia mbuzi hawaji.

Watu wanadhani kilichoniuma ni ile adhabu. Hapana. Kosa lilikuwa kosa, na pigo ni pigo. Kinachonichosha ni kuona kwamba dawa yenyewe ndiyo iliyoniangusha. Nilipokuwa Emojong, niliogopa. Nilipokuwa mbeba begi, sikuogopa, lakini mbeba begi hawezi kushinda. Bado sijui mtu anapita wapi katikati ya hayo mawili.

Jumamosi iliyopita Okochi alikuja hapa kwa bodaboda, na kuku mmoja mkononi. Alikaa, akala, akamsalimia shangazi yako kwa heshima. Kisha akaniomba nimbebee begi kwenye majaribio. "Mzee, wewe ndiye unajua kumtuliza mtu. Mimi huko nitatetemeka." Hakuwa ananidhihaki. Na alisema kweli, ningemfikisha.

Nilimwambia hapana. Tangu nianze kazi hii sijawahi kukataa begi la mtu yeyote, hata walevi, hata wanaotukana. Alishangaa, na Benedeta aliyekuwa mlangoni alishangaa pia. Nilimwambia siku za majaribio na kila Jumatatu baada yake nitakuwa kwenye grini, nina mipira yangu mwenyewe ya kusukuma shimoni.

Kwa hiyo mwambie meneja asinisubiri. Kama kuna mwingine, ampe. Lakini mwambie jina langu litakuwa kwenye mashindano mwakani, na safari hiyo nitaogopa mwenyewe.

Msalimie sana shemeji Lorine na watoto. Shangazi yako anamsalimia baba yako akija huko, na anasema bado anadai majibu juu ya bahari. Acom na Benedeta wanakusalimuni nyote. Mungu awape kivuli katika joto hilo na awarudishe nyumbani Krismasi mkiwa wazima.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda hata nisipopokea simu,

Nathan Emojong