Mchaichai Haukutosha

Dada Zuhura,

Leo nimekata kotimiri yako na kuacha mashina yachipue tena, kama ulivyonifundisha. Kiasi cha sufuria moja tu. Kisha nimekaa mezani kukuandikia, kwa sababu nina mambo ambayo sikuyasema ulipokuwa unanisikia.

Nilipofika Guangzhou kutoka Mwanza kununua nguo, nikakaa nawe chumba hiki, nilikucheka. Wenzetu hapa mtaa wa Dengfeng walijaza roshani zao mabunda ya jinzi. Wewe uliijaza yako madumu ya mafuta yaliyokatwa na ndoo za rangi zilizotupwa na mafundi, vyote vina udongo uliopandisha mwenyewe hadi ghorofa ya saba. Nanaa, kotimiri, mrehani, kivumbasi cha kufukuza mbu karibu na dirisha, na mchaichai pembeni penye jua. Nikakuuliza unahangaika ya nini wakati sokoni majani yamejaa. Ukachuma jani la nanaa, ukalisugua, ukaniwekea puani.

"La sokoni limeshachoka safari," ulisema. "Hili bado halijajua kama limekatwa."

Ulisema kweli. Pilau yako ilinukia mpaka kwenye ngazi, na wafanyabiashara waliokuja kula kwako walisahau kidogo kwamba wako ugenini. Hukutupa hata shina, maana ulikata unachohitaji, wakati mafungu niliyonunua mimi yaliozea kwenye friji. Ulipunguza chumvi kwa ajili ya presha yako, na mboga haikupoteza ladha. Na asubuhi, kabla simu hazijaanza kuita, ulimwagilia taratibu ukiwa na kanga yako. Saa hiyo tu ndiyo niliyokuona umetulia.

Kisha ukaja ule mwaka wa msako. Viza zikawa haziongezwi. Wakala aliyekuwa anatushughulikia akazima simu. Askari wakawa wanasimama njiani mtaa wa Xiaobei wakidai pasipoti, na wasiokuwa na viza waliondoka nao. Yangu ilikuwa bado imebakiza miezi. Yako ilikwisha, ukaacha kutoka nje. Laoban, yule mwenye nyumba aliyezipenda sambusa zako, akaanza kugonga mlango akitaka uhame. Mimi nikawa naleta mchele na nyama, majani hukuhitaji kuletewa. Ukasema roshani ndiyo imekuwa soko lako. Tukacheka. Leo sioni kilichotuchekesha.

Homa ilikushika Jumanne. Ulikohoa mpaka ukajishika ukutani. Nilikuambia twende hospitali. Nilisema mara moja tu.

"Nichemshie mchaichai, Neema," ulinijibu. "Nikienda huko wataniuliza viza."

Dada, nilishusha pumzi. Hili ndilo linaloniandikisha barua hii. Niliwaza kwamba wakikukamata watakuuliza unakaa wapi, na watafika hapa, na mzigo wangu ulikuwa bado haujasafirishwa. Nikachemsha mchaichai kama mtu mwenye huruma. Jumatano nikachemsha tena, nikaongeza mrehani. Alhamisi, ulipoanza kuhema haraka haraka, nilikuambia unaonekana afadhali. Ijumaa mchana ulikufa peke yako. Mimi nilikuwa ghalani napakia nguo.

Wanawake wa pwani walikuosha, wanaume wakakusalia na kukuzika huku huku. Nchi iliyokataa kukuongezea mwezi mmoja imekupa mahali pa kukaa siku zote. Msibani kila mtu alisifu mimea yako. Mmoja akasema angalau ulipata dawa ya asili mpaka mwisho. Mimi nikawagawia miche.

Mwezi uliopita Wanjiru, yule Mkenya muuza simu uliyezoea kumpa nanaa, alipata homa kama yako. Viza yake nayo imekwisha. Nilimkuta amebandika maji jikoni, mchaichai niliompa mimi umo ndani. Nikazima jiko, nikamvuta mpaka kwenye teksi. Hospitalini muuguzi alifungua pasipoti kwenye ukurasa wa picha, akanakili jina, akaifunga. Basi. Hakufunua ukurasa wa viza. Wanjiru alilazwa siku tano kwa ugonjwa wa mapafu, akapona. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido nikitafuta wa kumkasirikia: askari, wakala, wewe na ubishi wako. Wote hawakunitosha. Nilijua ni nani aliyekuwa chumbani na wewe.

Sasa kila ninayempa mche namweleza wazi. Huu ni wa chakula, wa chai, wa mafua mepesi, wa kuburudisha macho asubuhi. Faida zake ni nyingi na zote nimeziona kwako. Lakini pumzi ikibana, acha sufuria, nenda kwa daktari.

Binti yako Mwanaidi ameniandikia kutoka Tanga. Anauliza mama yake alikufa kwa nini, na nani alikuwa naye. Nilimjibu kwamba ilikuwa ghafla. Nilimdanganya mtoto wako, dada.

Viza yangu inakaribia kwisha na sitaomba nyingine. Nakuahidi nitapita Tanga kabla sijafika kwetu. Nitakaa mbele ya Mwanaidi, nimsimulie siku zote nne, na nimwambie kwamba nilishusha pumzi. Akinifukuza nitaondoka. Akitaka kuuliza, nitajibu mpaka achoke.

Pumzika, dada yangu. Msamaha sikuombi wewe, kwa sababu wewe huwezi tena kuninyima. Nitamwomba mwanao, anayeweza.

Neema