Vidonge Nilivyompa Shemegi

Jumamosi, Mfungo Sita, baada ya Isha

Kumbe ni vidonge! Mwaka mzima naogopa saratani, mara nafikiri nimerogwa, kumbe ni vidonge vya vidonda vya tumbo vilivyoniotesha maziwa kifuani, mwanamme mzima mimi.

Daktari wa Chake Chake kanibonyeza pole pole, akasema niviache, kanipa dawa nyengine ya tumbo. Huenda yakanywea yenyewe. Yakishakuwa magumu hayarudi, hapo ni kisu, na kisu ni mpaka Unguja. Hicho kisu nakiogopa, sitajidanganya.

Hamadi, mume wa dada yangu, hana habari. Msimu wa karafuu uliopita wenzangu walichuma vifua wazi, mimi shati limeniroa jasho. Akalivuta mpaka vifungo vikakatika, akapiga kelele: "Njooni mwone, mwari wetu kavunja ungo!" Watu wa chama chake na wa chama changu, wasiozikana, siku ile walicheka pamoja.

Leo Magharibi kaja barazani kashika tumbo. "Shemegi, vile vidonge vyako vilinifaa sana. Hunipi vyengine?"

Hapa kwetu dawa tunagawana kama chumvi.

Nilitaka kumwambia. Wallahi maneno yalifika mdomoni. Kisha nikavikumbuka vile vifungo, na dada yangu akiviokota huku kainamisha uso.

Nimempa vyote vilivyobaki. Kanishukuru, kaniombea dua.

Msimu ujao nitapanda mkarafuu kifua wazi, inshallah. Shati litamroa yeye.