Damu Iliyoganda Tumboni mwa Mwanahawa

Mtani wangu Kondo,

Kosa la watu wengi, na mimi mwalimu mzima nikiwemo, ni kudhani kwamba hatari ya mgonjwa wa ini ni kuvuja damu tu. Ulipotapika damu tulisema imekuwa nyepesi kama maji. Hakuna aliyefikiri kwamba damu hiyohiyo inaweza kuganda ndani.

Dada yako Mwanahawa yu hai. Naanza na hilo, maana ndilo ungeniuliza kwanza.

Ini lake limesinyaa na kuwa gumu kama lako. Majirani hapa Temeke walinong'ona habari za pombe, mtu ambaye hajapata kuionja! Daktari alisema ini huharibika kwa njia nyingi.

Baada ya arobaini yako nilimkuta uani, amejifunga kanga tatu kuficha tumbo. Shemeji zake waliona haya kumwuliza. Mimi mtani nikasema mbele yao, "Wee Mzaramo, umemeza ngoma ya nani?"

"Ya babu yako Mnyamwezi, aliisahau alipokuja kuchukua mizigo ya watu!"

Akacheka, kisha akashika ubavu. Kicheko kikakatika.

Kondo, wewe nilikuambia una tumbo la jumbe. Ukacheka, nikacheka, nikaenda zangu. Sikuuliza. Sikuuliza kitu.

Safari hii niliuliza. Akasema maumivu yalianza siku mbili nyuma, ghafla, na tangu hapo tumbo linajaa. Tayari alikuwa ameitwa fundi wa kuumika, amchanje tumboni na kumnyonya damu kwa pembe. Fundi huyo nilimrudisha akiwa mlangoni, mimi na Mwanahawa tukapanda lori la makaa hadi hospitali.

Unajua ninavyopenda kueleza, basi nivumilie. Kuna mshipa mkubwa unaokusanya damu ya matumbo na kuipeleka kwenye ini. Ini likiwa gumu, damu huenda polepole, na huweza kuganda humo. Ikiganda, damu inayofuata hutafuta njia za pembeni. Mishipa ya kooni huvimba, na ikipasuka mtu hutapika damu. Kwa hiyo dawa ya kuzuia damu isigande huweza kumwokoa mgonjwa, na huweza kumwua.

Daktari hakuwa na njia ya kuona ndani. Alishuku kwa jinsi maumivu yalivyoanza. Kwa kuwa Mwanahawa hakuwa ametapika damu, alimchoma sindano ya dawa hiyo kwa kipimo kidogo. Muuguzi akawa anachukua damu yake katika kijichupa cha kioo, anakiinamisha huku akitazama saa, aone inaganda baada ya dakika ngapi. Mimi benchini nilihesabu naye kimoyomoyo. Mwanahawa alikatazwa chumvi kabisa, isizidi kumjaza maji tumboni.

Nilimwuliza daktari kama wewe ungepona lau ningekuuliza mapema. Akasema hajui. Sikutegemea jibu hilo lingenipumzisha, lakini usiku ule nililala.

Maumivu yameisha, tumbo limepungua. Ini halikupona, wala sitakudanganya. Ila jana alinitukana mimi na ukoo wangu wote kwa pumzi moja, nikatamani aendelee.

Pumzika, mtani. Nakuahidi nitamtania mpaka mmoja wetu akufuate, na sitaondoka kwake kabla ya kumwuliza hali.

Na ninyi nduguze mtakaosomewa barua hii: leo, kabla ya kulala, mwulizeni Mwanahawa kama tumbo linamuuma kuliko jana, na akisema ndiyo, mpelekeni hospitali.